Uzi wa Herufi U

Niliichorea Kibokoni, ghorofa ya pili,
feni ikikohoa,
dirisha likitazama nyaya za stima
zilizosokotana kama nywele za mtoto aliyeamka.

Miezi saba, U peke yake.
Mguu wa kushoto mnene, mweusi, wima,
kama mwimo wa mlango wa nakshi.
Wa kulia unywele tu.
Na chini, pale unene unapoupokea wembamba,
hakuna kupigiana hodi: ghafla.
Kila ncha nikaivika kikuku,
mstari bapa, mwembamba hata ukipumua karibu
unahisi utapeperuka.

Sikusomea popote. Chuoni, utotoni,
kalamu ya mwanzi iliyokatwa mshazari
ilinifunza kwamba mkono mmoja una sauti mbili.
Kisha Tima, apakaye maharusi piko:
hubana koni, jani likavimba,
hulegeza, mkono bado uko njiani,
jani likaishia hewani.
"Uzuri hauko kwenye unene," aliniambia,
"wala kwenye wembamba.
Uko pale mkono unapogeuza nia."

Kadi ya kwanza ilikuwa ya Shuwena,
bintiye Bi Mwanamkuu wa Kuze.
Karatasi nzito, nyeupe kama tui la kwanza.
Watu hawakuisoma, waliipapasa.
Kisha likaja duka la marashi, likataka jina kwenye chupa;
kisha jalada la jarida, herufi kubwa kama mlango,
na pale juu, penye nafasi, herufi zangu
zilitembea kama zimealikwa.

"Zina kiuno hizi," akasema Bi Mwanamkuu.
"Nitilie kwenye leso."

Nilijua. Niseme kweli, nilijua.
Karatasi ile hunyamaza, pamba ina kiu.
Hasmukh wa Mtaa wa Biashara alinikodolea macho
juu ya miwani: "Wembamba huu, mama,
kitambaa kitaumeza."
Nikamwambia apige chapa.
Jina lenyewe nilikuwa nalipenda mno:

UTU NI UZI USIUVUTE MNO

Zikaja korja tatu, zikinuka rangi mpya.
Nikatandua ya juu.

U imebaki gogo.
T imebaki gogo, kichwa kimekatwa.
U tena, gogo.
Utu mzima: nguzo tatu, hazina boriti.
N imebaki mshazari tu,
mtu anayeanguka, wa kumshika kushoto hayupo,
wa kulia hayupo.
E haina mikono.
O imepasuka, mabano mawili
yanayolinda hewa.
Unene wote umefika salama.
Kilichokuwa kikiushikanisha ndicho kilichopotea.

Kuze walisoma kila mmoja lake.
"Ni hesabu?"
"Ni madirisha ya jela, shoga."
Bi Mwanamkuu hakucheka. Aliikunja pande nne,
akaipigapiga kwa kiganja, akanitazama.
"Si wewe uliyeandika usiuvute mno?
Mbona umeuvuta?"

Nililipa korja zote. Bado namalizia.
Nikachora ndugu yake, uzi wake mnene kidogo,
vikuku vizito, apate kufuliwa, kukaushwa,
kubebea mtoto mgongoni.
Si mrembo kama dada yake. Anasomeka.
Na mwenye duka la dawa wa Makadara,
alipotaka vibandiko vya chupa, nilimkatalia wote wawili:
kijiko kimoja au vijiko viwili
si jambo la kuachia unywele.

Leso moja niliibakisha, pazia la dirisha lile.
Jua la asubuhi likipita kwa nyuma,
si kila siku,
nguzo zile tatu hushikana:
mstari hafifu, hafifu sana, chini ya U,
mwingine juu ya T.
Labda ni wino uliozama ndani ya pamba ukakaa.
Labda ni macho yangu,
yaliyozoea kuuona kabla haujakuwapo.